Kiti Kimoja na Mkwe

Wanaopenda kuhadithia habari hii huko kwetu Naitiri huanza na gurudumu, kwa sababu gurudumu linachekesha. Mimi sitaanza na gurudumu. Nitaanza na mkono wa binti yangu Nakhungu, maana bila huo mkono nisingekuwa na lolote la kusimulia.

Nakhungu aliolewa na Sitati, mwenye trekta. Mtu asiyeishi sehemu zetu za Tongaren hawezi kujua uzito wa maneno hayo, mwenye trekta. Sitati ndiye aliyelimia watu mashamba msimu wa kupanda. Wakati wa mavuno trela lake ndilo lililobeba mahindi, na mashine yake ya kupukuchua ndiyo iliyozunguka boma kwa boma. Wazee walimwamkia kabla hajawaamkia. Kanisani aliwekewa nafasi mbele. Alikuwa na sauti ya upole, na akikushukuru alivua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili. Mtu huyo mpole alimpiga binti yangu kwa mpini wa jembe, wakati wa palizi ya mwaka wa themanini na tisa, mpaka mkono wa kushoto ukavunjika juu ya kiwiko. Ati uji ulikuwa umepoa, na Nakhungu alipoambiwa akajibu.

Alirudi kwangu kwa miguu, mkono ameufunga kwa leso. Hospitali waliutia plasta, lakini mfupa ulishika vibaya, na mpaka leo mkono huo haunyooki. Nikaenda kwa Wabwile. Wabwile ni ndugu ya marehemu mume wangu, na tangu tumzike mume wangu yeye ndiye msemaji wa boma letu, nipende nisipende. Akaniambia nitulie, wataketi na watu wa Sitati. Palizi ikaisha. Mahindi yakachanua, yakakomaa, yakakauka, na bado hawajaketi. Walikuja kuketi mahindi yalipokuwa yameshavunwa, na kila mtu anaitaka ile mashine.

Mimi sikuwemo katika kikao hicho. Kwetu Wabukusu, mama na mkwe wake hawakai nyumba moja. Hawapeani mkono. Hawali wakionana. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Ikiwa ni lazima wasemezane, wanatafuta mtu wa kati, na asipopatikana mtu wanaongea na kitu, mti au mlango. "Wewe mlango, mwambie mama ng'ombe wake ameingia kwangu." Na mama anamjibu mlango. Ndiyo heshima yetu, na nilikuwa nimeishika bila kuyumba tangu siku ya harusi. Kwa hiyo wanaume walipokuwa wakiamua habari ya mtoto niliyemzaa mimi, mimi nilikuwa jikoni nimegeukia ukuta, kwa sababu Sitati yuko sebuleni. Nilimsikia akiomba msamaha kwa ile sauti yake ya kushika kofia. Hakuna aliyekuja jikoni kuniuliza neno. Nakhungu mwenyewe aliitwa mara moja tu, alete maji ya kunawa.

Wakaamua atarudi kwa mumewe Jumapili, baada ya maonyesho ya kilimo ya Kitale. Trela lije limchukue yeye na vitu vyake, na kesho yake mashine ianze kazi kwa Wabwile. Nilimwuliza Wabwile, je, akimvunja na wa pili?

"Wewe nawe," akasema. "Si arisema hatarudia? Unataka aapishwe kama askari?"

Ndiyo maana nilipanda lori pamoja na wanakijiji kwenda Kitale. Wenzangu walikwenda kutazama ng'ombe wa maziwa na kucheka wanaume wakivutana kamba. Mimi nilikwenda kumtafuta kaka yangu, aliyekuwa mlinzi kwenye banda moja la mbegu pale maonyeshoni. Nilitaka amchukue Nakhungu, akae kwake mjini mpaka watu wa Naitiri wachoke kumtaka. Kaka yangu alinisikiliza huku akitazama viatu vyake. Kisha akasema mke ni wa watu, na yeye hawezi kuingilia boma la watu. Tulinyonya titi moja, mimi na yule mtu. Niliondoka pale bila kumuaga.

Jirani yangu Jerono alikuwa akiningoja nje ya banda. Jerono ni Mnandi, shamba lake limepakana na langu, na hajawahi kunificha anavyoona mambo yetu. Aliniangalia uso mara moja tu akajua kaka amekataa.

"Twende tupande ile kitu," akasema, akionyesha gurudumu kubwa lenye viti lililosimama nyuma ya uwanja. "Ukiwa huko juu unaweza kutukana kila mtu na hakuna mwenye anasikia. Mimi nitakusaidia kutukana."

Sikuwa nimewahi kupanda kitu kama hicho, lakini nilikuwa na matusi mengi. Tukapanga foleni.

Aliyekuwa akiliendesha gurudumu alikuwa kijana wa kutoka Nairobi, Kang'ethe, mwenye mdomo usiopumzika. Viti vyake vilikuwa benchi za chuma za kukaa watu wawili, na kila benchi ilikuwa na chuma cha kufunga mbele, kinakukata kiunoni ili usianguke. Kang'ethe alitupima kwa macho kama anayenunua magunia.

"Mathe, nyinyi wawili hamuwezi kukaa pamoja. Mko wazito, mtaniangushia mtambo. Huyu aingie hapa, na wewe ungoje kiti ingine."

Jerono akabaki chini akiguna, nami nikaketi peke yangu. Upepo ulikuwa baridi na manyunyu yameanza, nikajifunika shali kichwani na usoni nikabakisha macho. Nikamsikia Kang'ethe akiita mtu mwembamba aje kujaza nafasi. Mtu akaja akiingia kinyumenyume, anataniana na wenzake waliobaki kwenye foleni, akakaa. Chuma kikashuka, kikagonga, kikafunga. Gurudumu likatupandisha hatua moja ili kiti kingine kijazwe. Ndipo yule mtu akageuka kunisabahi, kama mtu mwenye adabu anavyofanya, na akavua kofia.

Alikuwa Sitati.

Nilimwona akitaka kuruka. Nami nilitaka kuruka. Lakini chuma kilikuwa kimetufunga pamoja, na chini yetu kulikuwa tayari na urefu wa kumvunja mtu. Nikampigia Kang'ethe kelele anishushe. Akasema kila mama husema hivyo mara ya kwanza, nitazoea. Nikamwambia huyu niliyewekwa naye ni mkwe wangu.

"Si hiyo ni poa sana, mathe?" akasema, na foleni nzima ikacheka. "Mko familia. Mkaribiane tu."

Sitamsamehe huyo kijana. Najua hakujua, lakini mtu akikuomba umshushe, unamshusha, hujiulizi kama kwao kuna mila gani. Akavuta mkono wa mtambo, tukaenda.

Tulizunguka, mimi nikitazama kushoto na Sitati akitazama kulia. Nilikuwa nimejibana upande wangu hadi nyonga ikaniuma. Nilikuwa nikijiambia kwamba litasimama sasa hivi, nitashuka, nitaondoka, na labda hakuna aliyetuona. Ghafla injini ya dizeli iliyokuwa ikisukuma ule mtambo ikakohoa. Moshi mweusi ukatoka, kitu kikakatika kwa kishindo, na gurudumu likasimama. Watu wengine walikwama katikati, wengine karibu na ardhi kiasi cha kuruka. Sisi tulikwama juu kabisa. Hakukuwa na kiti juu yetu.

Kutoka pale niliuona uwanja wote. Niliona mabanda, ng'ombe wakizungushwa na tuzo zao shingoni, na mabati ya mji wa Kitale, na Mlima Elgon umejifunika mawingu. Na chini ya gurudumu niliwaona watu wa Naitiri. Kelele za injini zilikuwa zimewavuta, wakaja kutazama, wakatazama juu. Wabwile alikuwa mbele. Niliona jinsi alivyotutambua, kwanza mimi, kisha Sitati. Akafunika macho kwa mkono na kugeuka. Aliyekuwa karibu naye akageuka, na wa nyuma yake, mpaka watu wa lori letu lote wakawa wametupa mgongo, na wanawake wamejifunika leso. Waliobaki wakitazama ni watu wengine, Wanandi, Wakikuyu, na Wahindi wa madukani, wasioelewa kwa nini nusu ya umati imegeuka kama watu walioona uchi.

Hata mimi niliona aibu. Heshima ile nimelelewa nayo, siwezi kuivua kama shali.

Kiti kilikuwa kikibembea kila upepo ulipopita. Kisha nikasikia sauti yake.

"Wewe chuma," Sitati akasema. Alikuwa akiongea na kile chuma kilichotufunga kiunoni. "Wewe chuma, mwambie mama asisogee sana. Kiti inainama."

"Chuma," nikajibu, "mwambie huyo mtu mimi sijasogea. Ni yeye anatetemeka."

Na kweli alitetemeka. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekishika chuma mpaka vidole vikapauka. Mwenye trekta alikuwa anaogopa kuwa juu. Nilifurahi, kwa nini nidanganye.

"Chuma, mwambie mama tuombe Mungu."

"Chuma, muulize kama alimwomba huyo Mungu siku aliyochukua mpini wa jembe."

Chini Kang'ethe alikuwa akiipiga injini yake teke. Sitati akajibu, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kanisani.

"Chuma, mwambie mama hayo maneno yarienda kwa wazee, na wazee wakamaliza."

"Muulize nani aliniita mimi kwa hao wazee. Muulize nani alimwuliza Nakhungu."

"Chuma, mwambie mama mimi sijawahi kumkosea. Mimi namheshimu mama sana. Mama mwenyewe anajua."

Hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Mtu huyu hakuwahi kuvunja hata kanuni moja ya ukwe. Akiniona mbali alikuwa akiingia kwenye mahindi ya watu hata kama yana umande. Sukari aliniletea kupitia kwa jirani. Alipokuja kuniuguzia marehemu mume wangu alikaa nje kwenye baridi mpaka nikahamia jikoni. Heshima yote aliyokuwa nayo aliimalizia kwangu, akabaki hana hata kidogo cha kumpa mke wake. Na kijiji kizima kilimpima kwa anavyonitendea mimi, kwa sababu hilo linaonekana njiani, na anavyomtendea Nakhungu linafanyika nyumbani mlango umefungwa.

Nilikuwa na swali moja tu la maana, na nilitaka kulisikia jibu lake kwa masikio yangu, si kwa kupitia ukuta wa jikoni.

"Chuma, muulize. Nakhungu akirudi Jumapili, ataishi namna gani?"

Alifikiri. Alifikiri vizuri kabisa, kama mtu anayetaka kunitoa wasiwasi.

"Chuma, mwambie mama asiogope," akasema. "Nakhungu si mtu mbaya. Shida yake ni kujibu. Mwanamke akijua kunyamaza, hakuna mtu atamgusa. Sasa mkono imemfunza kidogo. Na akisahau, mimi nitamkumbusha pole pole."

Pole pole. Alilisema kwa upole, na hakuwa ananitisha. Aliamini ananipa habari njema. Woga wote wa kuwa juu ukaniisha.

"Sitati," nikasema.

Alishtuka hadi kiti kikayumba. Sikuwahi kumtaja kwa jina mbele yake, na sikuwahi kusema naye bila kitu katikati. Alitaka kufunika uso, lakini hakuthubutu kuachia chuma.

"Nitazame," nikamwambia. "Mimi ndiye nilimzaa huyo unayetaka kumkumbusha. Nilimbeba mgongoni nikilima shamba lile unalolipita na trekta yako. Ulimvunja mkono kwa sababu ya uji, ukaja kwangu ukavua kofia, na mimi nikageukia ukuta ili usione haya. Mimi nilificha uso wangu ili wewe ustarehe. Unasikia? Wewe ni mwoga. Mwanamume anayetetemeka kwenye kiti cha watoto, lakini kwa mwanamke mwenye uji mkononi ni simba."

"Mayi," akasema, maana ndivyo tunavyoita mama kwa lugha yetu, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Mayi, tafadhali. Watu wanaona."

Hakusema ameumia, wala hakusema amekosa. Alisema watu wanaona.

Nikajua basi kwamba matusi yangu yatabaki kule kule juu, kama Jerono alivyoahidi. Tukishuka atakwenda kwa wazee, atashika kofia, atasema mama alikuwa na hofu akapayuka, na wazee watasema tumsamehe, ni mwanamke. Jumapili trela litakuja. Nitaufunga mzigo wa Nakhungu kwa mikono yangu mwenyewe. Hakuna neno langu ambalo lingeweza kulisimamisha lile trela. Wale watu hawakuwa na sikio la kuumia kwa binti yangu, na nilikuwa nimelitafuta hilo sikio tangu palizi.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo wasingeweza kulipita.

Chini walikuwa wameanza kutuokoa. Amarjit, Kalasinga aliyekuwa na banda la majembe ya trekta karibu na pale, alikuwa ameleta kamba nene, na wanaume walikuwa wameifunga kwenye ukingo wa gurudumu ili walivute kwa nguvu, kiti kimoja kimoja kishuke. Kang'ethe aliwaimbisha wavute pamoja. Wabwile alijiunga nao, na mwenye kuvuta kamba ya gurudumu hana budi kutazama juu aone inakokwenda. Nilingoja. Gurudumu likalia, likasogea kidogo, na watu wa Naitiri kwa mshtuko wakageuka wote kutazama.

Nikaushika mkono wa Sitati.

Nilimbandua vidole kutoka kwenye chuma, vya mkono wake wa kulia, kimoja baada ya kingine, nikavishika na vyangu vikapatana kama vya watu wanaosalimiana baada ya miaka. Alilia kwa sauti. Akavuta, lakini kila akivuta kiti kilibembea, na kila kiti kikibembea aliogopa zaidi na kunikamata mwenyewe. Nikauinua mkono wake juu, juu ya vichwa vyetu, pale ambapo hakuna mti wala paa la kutukinga, kama mwalimu anavyoinua mkono wa mtoto aliyeshinda mbio. Nikakaa hivyo. Mabega yaliniuma na sikushusha.

Wale wa kamba wakaiachia. Wanandi walishangaa kwa nini Wabukusu wameacha kazi, wakaanza kugombana nao, na Amarjit akawauliza mnaacha wenzenu juu kwa nini. Nilimwona Wabwile amekaa chini kwenye matope, ameshika kichwa. Mwanamke mmoja wa lori letu alipiga ukemi kama wa msiba.

Mwishowe walituvuta mpaka chini. Chuma kilipofunguliwa Sitati aliruka kabla kiti hakijasimama, akaanguka magoti, akainuka, akapita katikati ya watu wakimwachia nafasi pana kuliko anayohitaji. Jerono alikuja akanishika kiuno. Alinitazama, akatazama njia aliyopitia Sitati, na akaanza kucheka taratibu, huku amefunga mdomo kwa leso.

"Wewe mama wewe," akasema. "Na mimi nilidhani unaenda kutukana tu."

Wazee walikuja kwangu kesho yake asubuhi, chai bado iko jikoni. Nataka mtu aisikie vizuri hiyo: kesho yake. Kwa mfupa wa Nakhungu walikaa msimu mzima wa mahindi. Kwa mkono wangu hawakungoja hata umande ukauke. Walikuja wakiwa wamevaa makoti, wakakaa sebuleni, na safari hii nilikaa nao, kwa sababu Sitati hakuwapo na kwa sababu nisingekwenda tena jikoni hata wangenivuta kwa ile kamba ya Amarjit. Nakhungu alikuwa akiwamiminia chai.

Wabwile alisema kwa sauti ya kilio. Alisema jambo kama hilo hajalisikia tangu azaliwe. Mkwe kumkamata mama mkwe mkono, mchana, huko juu, mbele ya macho ya makabila yote. Alisema Sitati aliitwa akahojiwa, na akathubutu kusema ati mama ndiye alimshika yeye.

"Mwanaume gani anaweza kusema hivyo?" akauliza mzee mwingine. "Ati mama amemshika. Huo ni uongo wa kumaliza ukoo. Hata kama angekuwa ameua, asingesema hivyo."

Nikainamisha kichwa kama mama aliyefedheheshwa. Sikusema ndiyo wala siyo.

Wabwile akatoa uamuzi. Trela lisije Jumapili. Hakuna mwanamke atakayetoka boma hili kwenda boma la Sitati, na hakuna mashine ya Sitati itakayoingia hapa, mpaka kondoo achinjwe, na mimi na Sitati tutakaswe siku moja, mahali pamoja. Kondoo huyo, niseme hapa hapa, hajachinjwa mpaka leo, maana kila wakipanga siku mimi hushikwa na malaria. Mahindi yetu mwaka ule tuliyapiga kwa fimbo kwenye magunia, mimi na Nakhungu na Jerono, na mikono yetu ilitoka malengelenge.

Basi nilifikiri wamemaliza. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilikuwa nimeanza kupumua. Nilijiambia nisiwe na hasira tena, kwa kuwa binti yangu amelala hapa na atalala hapa. Lakini Wabwile akasogeza kiti karibu, akakunja uso wa mtu anayekaribia jambo zito.

"Sasa, Mama Nakhungu," akasema, "mambo ya kutakasa ina taratibu yake. Tuambie bila kuficha. Mkono yenyewe irikuwa gani?"

"Wa kushoto," nikasema. "Ulivunjika hapa, juu ya kiwiko. Alimpiga na mpini wa jembe, na alipoanguka akampiga tena."

Wakatazamana. Nakhungu alisimama na birika mkononi, kwa mkono wake wa kulia, na ule mwingine umekunjwa tumboni kama kawaida yake.

"Siyo hiyo," Wabwile akasema, na alikuwa na aibu kwa niaba yangu, kama vile nimetaja kitu kisichofaa mbele ya wageni. "Hatuulizi hiyo, mama. Tunauliza yako. Yenye mkwe arishika."

Niliwaangalia mmoja mmoja. Nilingoja hata mmoja wao ageuze macho upande wa birika. Hakuna aliyegeuza.

"Wa kulia," nikasema.

Wakatikisa vichwa. Mzee mmoja alifumba macho kabisa kwa uchungu.

"Pole sana, mama," Wabwile akasema, na wote wakaitikia, pole, pole sana, mmoja baada ya mwingine kuzunguka sebule nzima, na Nakhungu amesimama pale pale katikati yao, akingoja wamalize ili awaongezee chai.